Mtoto mwenye homa kali na dripu ya haraka: yaliyogunduliwa Kilifi, Muheza na Uganda

Kila tunapozungumzia afya kwenye kipindi, kuna swali moja ambalo wasikilizaji hawakosi kutuletea: "Mtoto alikuwa hoi, mbona hawakumtundikia dripu?" Wengine huuliza kwa hasira. Kwa wengi wetu dripu ndiyo ishara kwamba mgonjwa ameshughulikiwa. Ukimkuta ndugu yako wodini ana chupa inaning'inia juu ya kitanda, moyo unatulia. Usipoiona, unaanza kuuliza kama dawa zimekwisha, au kama kuna mtu anataka "kitu kidogo".

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kirefu kuliko tunavyoweza hewani. Jibu lake halikutoka Ulaya wala Marekani. Lilitoka kwenye wodi za watoto za hospitali sita za Afrika Mashariki, mojawapo ikiwa Hospitali Teule ya Muheza, hapa hapa kwetu mkoani Tanga. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Imperial College London ambaye kwa miaka mingi amefanyia kazi zake Kilifi, pwani ya Kenya. Matokeo yake yaliwashtua madaktari wa dunia nzima, na hata waliofanya utafiti wenyewe hawakuyatarajia.

Sepsisi ni nini?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu akipata maambukizi, iwe ni nimonia, kidonda kilichooza, malaria kali au maambukizi baada ya kujifungua, mwili huamka kujilinda. Kwa kawaida mwili hushinda, au hushinda kwa kusaidiwa na dawa. Lakini mara nyingine ulinzi huo unapotoka njia. Ni kama sungusungu walioitwa kumkimbiza mwizi, kisha wakaanza kuvunja nyumba za wanakijiji. Mwizi bado yupo, na sasa kijiji nacho kinaumia. Figo zinashindwa kazi, mapafu yanashindwa, akili inapotea, moyo unapiga mbio bila nguvu. Hali hiyo ndiyo madaktari wanayoiita sepsisi. Mitaani watu husema "damu imeingia sumu" au "maambukizi yameingia kwenye damu". Si makosa makubwa kusema hivyo, ila tukumbuke kwamba anayeharibu viungo si mdudu peke yake. Mwili wenyewe unashiriki.

Ukubwa wa tatizo hili ulikuwa haujulikani vizuri mpaka hivi karibuni. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la tiba la The Lancet ilikadiria kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 kati yao walikufa. Hicho ni kifo kimoja katika kila vifo vitano. Wagonjwa wapatao milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na mzigo mkubwa uko kwenye nchi kama zetu. Hata hivyo ni nadra kulisikia neno sepsisi msibani. Tunasikia "alikuwa na homa", "alikuwa na kifua", "alijifungua salama halafu akaugua ghafla".

Kwa nini maji?

Sepsisi ikifika mbali, damu hushindwa kuzunguka vizuri. Mishipa hulegea, maji ya damu huvuja kuingia kwenye nyama za mwili, na viungo vya mbali hukosa damu ya kutosha. Ukimshika mtoto mikono na miguu unakuta baridi wakati tumbo linawaka moto. Mapigo kwenye kifundo cha mkono yanakwenda mbio lakini ni hafifu. Ukibonyeza ukucha ukageuka mweupe, kisha ukaachia, wekundu unachelewa kurudi. Madaktari huiita hali hii shoku. Msomaji asichanganye na kushtuka kwa hofu. Hapa tunazungumzia damu kutofika inakotakiwa.

Sasa, kama tatizo ni kwamba mishipa haijajaa, akili inasema nini? Ijaze. Mpe mgonjwa maji mengi ya chumvi kupitia mshipa, tena haraka, ndani ya saa moja. Hivyo ndivyo madaktari walivyofundishwa miaka na miaka. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya watoto 34 waliokuwa na shoku ya sepsisi, na waliopewa maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walionekana kupona zaidi. Watoto 34 tu. Mwaka 2001 ukaja utafiti wa Emanuel Rivers katika hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit, uliohusu watu wazima 263. Huko wagonjwa waliotibiwa kwa mpango maalumu wa saa sita za mwanzo, wenye maji, dawa za kupandisha presha na vipimo vya mara kwa mara, walikufa asilimia 30.5, wakati waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida walikufa asilimia 46.5. Dunia ikashangilia. Maji ya haraka yakaingia kwenye vitabu kama jambo lisilo na mjadala.

Lakini angalia mahali mambo hayo yalipofanyika. Katika hospitali hizo, mgonjwa wa namna hiyo hulazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kile wanachokiita ICU. Kuna mashine ya kumsaidia kupumua mapafu yakijaa maji. Kuna muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili, usiku na mchana. Kuna dawa za kuusukuma moyo. Wodi ya watoto ya wilaya zetu unaijua: nesi mmoja, vitanda vingi, na msimu wa malaria ukifika watoto wawili au watatu kitanda kimoja. Hakuna mashine ya kupumulia. Mtoto mwenye shoku huku kwetu alikuwa anafia palepale wodini, mara nyingi siku ile ile aliyoletwa.

Daktari wa Kilifi

Kilifi kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989 kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza. Kipo kando ya hospitali ya serikali, hivyo watafiti wake wanawatibu watoto wale wale wanaoletwa na mama zao kutoka mashambani. Maitland alikuwa akiwaona watoto hao kila siku. Aliamini, kama walivyoamini wenzake, kwamba watoto wa Afrika wanapunjwa maji. Wakati ule hospitali nyingi za kwetu hazikuwa zikitoa maji ya haraka, ama kwa kukosa vifaa ama kwa kukosa mafunzo, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilishauri yatolewe tu kwa mtoto mwenye shoku iliyokomaa. Swali lake lilikuwa: je, tukiyatoa mapema zaidi, kwa watoto wengi zaidi, hatutaokoa maisha?

Angeweza kuandika tu kwamba yatolewe, na pengine angesikilizwa. Badala yake yeye na wenzake waliamua kupima. Utafiti ukaitwa FEAST. Ulianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Hospitali Teule Muheza hapa Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Ni vizuri kuwataja baadhi ya madaktari wa Afrika Mashariki walioufanya, kwa sababu habari za utafiti huandikwa mara nyingi kana kwamba mgeni alifanya kazi peke yake. Walikuwamo Sarah Kiguli na Robert Opoka wa Mulago, Charles Engoru wa Soroti, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Richard Nyeko wa Lacor, Samuel Akech wa Kilifi, na George Mtove wa Muheza.

Ulivyofanyika

Watoto walioingizwa walikuwa na umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, wanaopumua kwa shida au waliolegea au kupoteza fahamu, na wenye dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Wengi walikuwa wadogo, wa miaka miwili hivi. Zaidi ya nusu walikutwa na malaria, na karibu theluthi walikuwa wamepungukiwa damu vibaya sana. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Wenye kuhara na kutapika hawakuingizwa. Walioungua moto au kuumia ajalini hawakuingizwa pia. Tafadhali shika jambo hili, tutalirudia mbele.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini inayotokana na damu ya binadamu. Kundi la pili walipewa haraka maji ya chumvi ya kawaida. Kundi la tatu hawakupewa maji ya haraka kabisa. Walipewa matone ya taratibu tu ya kuwakimu. Watoto wengine 29, ambao presha yao ilikuwa imeshuka mno, waliwekwa pembeni na wote wakapewa maji, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwanyima.

Tupime kwa vitu vya nyumbani. Mtoto wa kilo 10 katika kundi la tatu alipata mililita 25 hadi 40 kwa saa, yaani vijiko vitano hadi vinane vya chai. Mtoto wa uzito huo huo katika makundi ya maji ya haraka alipata mililita 200 ndani ya saa moja, na utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2010 akapata 400, zaidi ya chupa ya soda.

Mengine yote yalikuwa sawa kwa kila mtoto: antibayotiki, dawa za malaria, sukari kwa aliyeishiwa sukari mwilini, dawa ya degedege, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa sana. Kabla ya kuanza, wahudumu walipewa mafunzo ya kumpokea mtoto mahututi na hospitali zikaongezewa vifaa vya msingi. Hilo peke yake liliokoa watoto wengi, na tutaona hivi punde.

Kuna jambo lililotusumbua tulipokuwa tukisoma habari za utafiti huu, nalo ni ridhaa. Mama amefika na mtoto anakata roho. Je, unamkalisha chini kumsomea karatasi? Watafiti na kamati za maadili walikubaliana hivi: mzazi anaelezwa kwa ufupi na kukubali au kukataa kwa mdomo, mtoto anatibiwa mara moja, kisha mtoto akitulia mzazi anaelezwa kwa kirefu na kutia saini au kujitoa. Mzazi ambaye mtoto wake alifariki kabla ya hapo hakuletewa karatasi. Tunajua wapo watakaosema hilo si sawa. Sisi tunaona kwamba kumwandama mama mwenye msiba na kalamu kungekuwa ukatili, lakini hatusemi swali limekwisha.

Siku utafiti uliposimamishwa

Utafiti kama huu huwa na kamati ya watu wa nje wanaotazama takwimu huku kazi ikiendelea. Madaktari wa wodini hawazioni takwimu hizo. Mpango ulikuwa kuingiza watoto 3,600. Januari 2011, baada ya kupitia taarifa za karibu watoto 3,000, kamati ikashauri: simamisheni. Wengi walidhani maji yameonekana kuokoa kiasi kwamba si haki kuendelea kuwanyima wale wa kundi la tatu. Ilikuwa kinyume.

Katika saa 48 za mwanzo, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini, walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, walikufa 110. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikufa 76. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Baada ya wiki nne pengo lilikuwa bado lipo: 12.2, 12.0 na 8.7. Kwa lugha nyepesi, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka kulikuwa na vifo vitatu zaidi kuliko kwa wasiopewa.

Watafiti wakachambua tena kwa makundi madogo. Labda ni wenye malaria tu? Hapana, hata wasio na malaria. Labda ni waliopungukiwa damu? Hapana, hata wenye damu ya kutosha. Labda ni wadogo zaidi? Hapana. Hawakupata kundi hata moja ambalo maji ya haraka yaliwasaidia.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011 kwenye jarida la Marekani la New England Journal of Medicine.

Mikono ilipata joto, watoto wakafa

Sehemu hii ndiyo inayotufundisha zaidi kuhusu kuamini macho yetu. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya saa moja, watoto waliopewa maji walionekana kupata nafuu zaidi. Asilimia 43 yao dalili za shoku zilikuwa zimeondoka, wakati kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 32. Yaani nesi aliyesimama kando ya kitanda aliona mikono inapata joto, na mapigo yanarudi. Angeapa mbele ya mtu yeyote kwamba dripu imefanya kazi. Lakini saa chache baadaye watoto wa kundi hilo ndio waliokufa kwa wingi, na walikufa zaidi hata wale ambao mwanzoni walionekana kupona shoku.

Ilidhaniwa kwanza kwamba maji yalijaa mapafuni au kichwani. Wapo waliopata hivyo, lakini vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Uchambuzi wa baadaye, wa mwaka 2019, uliongeza kwamba maji mengi ya chumvi yaliharibu upumuaji na fahamu, yaliongeza tindikali mwilini, na yaliizimua damu iliyokuwa tayari nyepesi. Fikiria mtoto mwenye malaria ambaye damu yake ni kidogo. Ukimwongezea maji unafanya kile anachofanya mwenye mgahawa anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Sufuria inajaa, lakini nyama haijaongezeka.

Jambo jingine lililosahaulika katika kelele za matokeo: katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka, watoto zaidi ya 92 katika kila 100 walikuwa hai baada ya siku mbili. Hawa ni watoto mahututi, katika hospitali zisizo na ICU. Waliokolewa kwa kupokelewa haraka mlangoni, na kupewa oksijeni, damu, sukari, na dawa sahihi kwa wakati.

Waliopinga, na waliochelewa

Madaktari wengi walikataa. Wengine walisema hao ni watoto wa malaria, hawafanani na watoto wa kwetu. Wengine walisema kasoro ni kukosekana kwa ICU, si maji. WHO ilipotoa toleo jipya la kitabu chake cha tiba ya watoto mwaka 2013, ushauri wa maji ya haraka ulikuwa bado umo. Mwaka uliofuata Kiguli, Akech, Maitland na wenzao waliandika kwenye jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kulalamika kwamba ushahidi kutoka kwa watoto zaidi ya 3,000 umewekwa kando. Mwaka 2016 WHO ikabadilisha mwongozo. Sasa shoku inahesabiwa pale tu dalili zote tatu zinapokuwepo kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, mapigo hafifu yanayokwenda mbio, na ukucha unaochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi. Hata hapo maji hutolewa kwa kiasi kidogo, kwa dakika 30 hadi 60, kwa uangalizi. Mtoto mwenye dalili moja au mbili tu hapewi maji ya haraka. Na mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba mahali pasipo na ICU, mtoto ambaye presha yake haijashuka asipewe maji ya haraka.

Miaka mitano, kutoka 2011 hadi 2016. Tunaiona ni mingi.

Kwa watu wazima nako mambo yalikwenda njia hiyo. Utafiti wa Rivers wa Detroit ulirudiwa na watafiti wengine katika nchi kadhaa mwaka 2014 na 2015, na faida ile kubwa haikuonekana tena. Kisha Lusaka, Zambia, wagonjwa zaidi ya 200 wa sepsisi walioshuka presha waligawanywa mara mbili. Waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali walikufa asilimia 33. Hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Maitland na wenzake hawakuishia hapo. Walihamia kwenye damu: utafiti wao wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kutolewa mwaka 2019, uliwahusisha watoto karibu 4,000 na kuchunguza ni mtoto gani anahitaji kuongezewa damu mara moja, nani anaweza kusubiri akiangaliwa, na apewe kiasi gani. Wamefanya kazi pia juu ya oksijeni. Ni maswali yale yale ya wodi ya wilaya, kwa vifaa vinavyopatikana wilayani.

Wewe mzazi ufanye nini?

Kwanza, usisubiri. Mtoto mwenye homa akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamshwa, akipumua mbio au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Viganja vyeupe ni dalili ya kupungukiwa damu. Mikono na miguu ya baridi huku mwili unachemka ni dalili mbaya pia. Kwa mama aliyejifungua, homa, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo si "uzazi tu". Aende. Kumbuka kwamba katika FEAST vifo vingi vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza. Saa ulizozitumia kwa kumsubiri baba mkubwa arudi na nauli zinatoka kwenye saa hizo hizo.

Pili, usilazimishe dripu. Tumesikia kwa wahudumu kwamba wapo ndugu wanaogomba mpaka chupa itundikwe, na wapo wahudumu wanaoitundika ili kelele ziishe. Muulize daktari au nesi mambo haya badala yake: mtoto amepimwa malaria? Amepimwa wingi wa damu? Sukari je? Ameanza dawa saa ngapi? Anahitaji oksijeni? Ukiambiwa anahitaji damu na kuna upungufu, hapo ndipo ndugu mnaweza kusaidia, kwa kujitolea kuchangia.

Tatu, usikubali dripu ya duka la dawa wala ya nyumbani kwa mtu. "Dripu ya nguvu" ya glukosi kwa mtoto mwenye homa haimpi nguvu unayoidhani, na inaweza kumchelewesha kufika mahali penye damu na oksijeni.

Lakini tusieleweke vibaya. Dripu haijapigwa marufuku. Dripu nyingi wodini ni njia ya kupitishia dawa, au ni matone ya taratibu kwa mtoto asiyeweza kunywa, na hizo hazina ubaya wowote. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yamezama, mgonjwa wa kipindupindu, aliyeungua moto, au aliyevuja damu nyingi, hao hawakuwamo kwenye utafiti huu, na maji kwao yanaweza kuwa uhai wenyewe. Mtoto anayeharisha aanze kupewa maji ya ORS kidogo kidogo nyumbani na njiani. Akikataa kunywa au akizidiwa, daktari akisema dripu, ni dripu. Mhudumu akikwambia "huyu tunampa maji ya mshipa" kwa ugonjwa wa kuhara, usimjibu kwamba redioni walisema dripu inaua. Hatukusema hivyo.